Bomba likigonga boriti, timu inakosa nyumbani

LONDON, UINGEREZA. OKTOBA 29, 2018, Riyad Mahrez alihitaji dakika sita tu kuizima Tottenham Hotspur. Manchester City ikaondoka Wembley na pointi tatu kwa ushindi wa bao 1-0. Lakini stori kubwa ya usiku ule haikuwa bao. Ilikuwa nyasi.

Siku moja kabla, dimba hilohilo lilikuwa limechezewa mechi ya NFL, ligi ya soka la Kimarekani. Nyasi zilikuwa zimechimbika, mistari ilikuwa bado inaonekana na nembo ya NFL ilikuwa katikati ya uwanja. Spurs walikuwa wenyeji kwa jina tu.

Na wala hawakutakiwa kuwa pale. Mpango ulikuwa kuikaribisha Liverpool kwenye uwanja wao mpya Septemba 15 mwaka huo. Agosti klabu ikatangaza kuwa mifumo muhimu ya usalama ina matatizo na tarehe imesogea. Liverpool wakapelekwa Wembley na kushinda 2-1. Nyumba mpya ilikuja kupigiwa mechi ya kwanza ya ligi Aprili 3, 2019, Spurs ikiichapa Crystal Palace 2-0, na Son Heung-min akawa wa kwanza kutupia kambani.

Kwa miezi yote hiyo, shabiki aliyepita nje aliona uwanja unaokaribia kuisha. Kilichomfungia mlango ni vitu asivyovishangilia hata siku moja: nyaya na ving'amuzi vya moto.

MABEKI WAWILI, MPIRA MMOJA

Uwanja wa kisasa hajengi mtu mmoja. Msanifu anachora umbo. Mhandisi wa miundo anapanga nguzo na boriti. Kuna watu wa umeme, watu wa maji safi na majitaka, watu wa hewa, watu wa mfumo wa kuzima moto, na wengine wa kamera, spika na intaneti. Kila kundi lina michoro yake, na mara nyingi kila kundi ni kampuni tofauti.

Shida ni kwamba mchoro wa kila mmoja, ukiutazama peke yake, uko sawa kabisa. Balaa linaanza pale wote wanapotaka kupita sehemu moja, hasa kwenye dari la korido chini ya jukwaa. Bomba la hewa linataka kupita hapo. Bomba la choo nalo hapohapo. Na boriti ya chuma imeshakaa.

Ni kama krosi inapoingia kwenye boksi, kipa anatoka, beki anaruka, na hakuna aliyepiga kelele kuita mpira. Kila mmoja alikuwa anafanya kazi yake. Wanagongana, mpira unawaangukia wapinzani.

Enzi za michoro ya karatasi, mgongano wa namna hiyo uligundulika site. Aliyewahi kufika alifunga bomba lake, aliyechelewa akajijua mwenyewe. Akitaka kutoboa boriti ya zege, ndani kuna nondo, hivyo lazima kazi isimame mpaka mhandisi apige hesabu upya. Mafundi wamekaa, winchi imesimama, na siku zinahesabiwa kwenye malipo.

MECHI YA KIRAFIKI KWENYE KOMPYUTA

Dawa iliyoshika kasi miaka ya karibuni ni kujenga uwanja mara mbili: kwanza kwenye kompyuta, kisha ardhini. Wenyewe wanaiita BIM. Serikali ya Uingereza ilianza kuidai kwenye miradi ya Serikali kuu kuanzia Aprili 2016.

Kila fani inaleta modeli yake ya pande tatu. Mratibu anazikusanya zote na kuzilaza pamoja. Sharti la kwanza linaonekana dogo lakini limewahi kuwatoa watu jasho: wote waanze kupima kutoka sifuri moja. Bila hivyo, mabomba ya mtu yataonekana yanaelea nje ya uwanja, kama timu iliyoshuka kwenye dimba la jirani.

Zikishakaa sawa, programu kama Navisworks inasaka migongano. Ipo ya wazi, bomba limepita katikati ya boriti. Ipo ya kimyakimya, hakuna kinachogusana lakini fundi hatakuwa na pa kuingiza mkono kufunga valvu. Na ipo ya ratiba: jukwaa linajengwa wiki ileile ambayo winchi inatakiwa kusimama hapohapo.

Baada ya hapo ni kikao, mara nyingi kila wiki. Nani ampishe nani? Kuna mantiki yake. Boriti kwa kawaida haisogei, ndiyo inayobeba watu. Bomba la majitaka linafuata, kwa sababu linategemea mteremko na maji machafu hayapandi mlima. Kisha bomba kubwa la hewa, ambalo ni pana na gumu kulikunja. Nyaya za umeme ndizo kiungo mkabaji wa kikosi: zinapinda, zinazunguka, zinawapisha mastaa. Kila mgongano unapewa mwenye nao na tarehe ya kuumaliza. Wiki inayofuata modeli zinalazwa tena.

Kuhamisha bomba kwenye skrini ni kazi ya dakika chache. Kulihamisha baada ya zege kumwagwa ni habari nyingine.

KIWANJA CHA LOOKMAN

Shabiki wa Afrika anaujua uwanja mmoja uliozaliwa kwa namna hii, hata kama hajui. Mei 22, 2024, Ademola Lookman wa Nigeria alipiga hat-trick, Atalanta ikaizamisha Bayer Leverkusen 3-0 kwenye fainali ya Europa League na kuvunja rekodi yao ya mechi 51 bila kufungwa. Ilikuwa Dublin, Ireland, kwenye uwanja wa Aviva.

Uwanja huo uliofunguliwa 2010 una umbo la wimbi. Upande mmoja umeshuka chini kabisa, ili nyumba za majirani zisikose mwanga wa jua. Umbo kama hilo ni mtihani, kwa sababu ukigusa sehemu moja ya paa, vyuma vyote vinavyolibeba vinabadilika. Wasanifu wa Populous na wahandisi wa Buro Happold waliamua kutumia modeli moja ya pamoja. Msanifu akirekebisha umbo, namba mpya zilimfikia mhandisi na vyuma vyake vikajipanga upya kulifuata.

Populous haohao ndio waliosanifu uwanja wa Spurs, na huko mtihani ni mkubwa zaidi. Dimba la nyasi linagawanyika vipande vitatu, kila kimoja kikiwa na zaidi ya tani 3,000, na kuteleza chini ya jukwaa la kusini lenye watu 17,500, ili nyasi bandia za NFL zibaki juu. Hapo hakuna mtu wa kuacha bomba lake njiani.

VAR HAICHEZI MPIRA

Lakini modeli sio muujiza. Programu inaweza kutema maelfu ya migongano, mingi ikiwa ya kipuuzi, kama paipu inayoingia ukutani mahali ilipotakiwa kuingia. Ni kama VAR: picha inaonyesha, ila uamuzi ni wa binadamu. Mratibu akizembea, migongano ya kweli inazama kwenye ile ya uongo.

Kuna mtego mwingine. Modeli inaonyesha waya unapita wapi. Haihakikishi kama fundi aliufunga sawasawa, wala kama king'amuzi cha moto kitalia siku ya siku. Hilo linataka kupimwa, chumba kwa chumba. Yaliyowakuta Spurs yanakumbusha kwamba kupanga vizuri ni kipindi cha kwanza tu. Mifumo ya usalama isipofaulu majaribio, hakuna anayeingia, uwe na uwanja mzuri kiasi gani.

HUKU NYUMBANI

Ishu hii sio ya Ulaya peke yake. Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Afcon 2027. Nairobi ikaanza kujenga Talanta wa viti 60,000, Arusha nayo wa 30,000. Ni viwanja vyenye tarehe isiyobembelezeka.

Mashabiki wamezoea kupewa asilimia: ujenzi umefika hapa, paa limefika pale. Ni habari njema, lakini haijibu swali la dari. Je, modeli za fani zote zimelazwa pamoja? Migongano mingapi haijafungwa, na nani anaisimamia? Na mkandarasi akiondoka, modeli inayoonyesha kila waya ulipo itabaki kwa meneja wa uwanja, au itaondoka kwenye kompyuta yake?

Swali la mwisho lina uzito wake Dar es Salaam. Aprili 30, 2023, Yanga ilikuwa inamalizana na Rivers United ya Nigeria kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, taa za Benjamin Mkapa zikazimika na mechi ikasimama. Kwenye giza kama lile, fundi mwenye ramani kamili ya nyaya anajua aanzie wapi. Asiye nayo anapapasa, na uwanja mzima unamsubiri.