Umeshusha gari? Panga safu ya nyuma kabla hujaifuata timu Mbeya

KOCHA akiamua mabeki wake wacheze juu, hawezi kuwaacha wajipange kama walipokuwa wakikaa karibu na kipa. Nafasi kati yao zinabadilika, na asipowapanga upya, straika mmoja mwenye mbio anatosha kuwaaibisha. Gari ulilolishusha lina kesi hiyohiyo, na safu yake ya ulinzi ni tairi za nyuma.

Mjini gari likiwa chini linapendeza. Subaru Impreza, springi fupi, rimu pana, bendera ya timu dirishani, mambo safi kabisa. Shida inaanza timu ikiwa na mechi Uwanja wa Sokoine, Mbeya, washkaji wanne wanapanda na mabegi yao, na mbele kuna zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam.

Nyuma ya Impreza za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila tairi imeshikwa na shokapu yenye springi yake, mikono miwili ya pembeni na mmoja unaoelekea mbele. Ukishusha bodi, mikono hiyo inabadili pembe. Hapo yanatokea mambo mawili. Kwanza, tairi inalala: juu inaingia ndani, chini inatoka nje. Mafundi wanaita kemba. Pili, pua ya tairi inaweza kugeuka, ikatazama ndani au nje badala ya kutazama mbele.

Wengi wanailaumu kemba kwa sababu inaonekana kwa macho. Lakini anayemaliza tairi haraka zaidi ni yule wa pili. Piga hesabu mwenyewe: tairi ikigeuka digrii 1 tu, kila kilomita unayotembea inaburuzwa kiupande karibu mita 17. Ukifika Mbeya, imeburuzwa karibu kilomita 14 juu ya lami! Ndiyo maana unakuta tairi ni kipara kwa ndani, wakati kwa nje inaonekana bado mpya.

Na hapa hatuzungumzii pesa tu. Tairi za nyuma zikitazama nje, ukikanyaga breki kwenye kona, mkia wa gari unataka kupita mbele. Kwenye kona za Mlima Kitonga hakuna mwamuzi wa kusimamisha mchezo.

Sasa tiba. Usikate springi, iliyokatwa inaweza kutoka kwenye kikalio chake gari likinyanyuliwa. Funga seti kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako. Baada ya hapo, bolti za ile mikono zilegezwe, kisha zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa tairi zake. Zikikazwa gari likining'inia, bushi zinabaki zimejisokota na zitakufa mapema.

Ukifika kwenye alaimenti, fuata mpangilio huu. Anza na upepo wa tairi na kimo cha gari. Kisha kemba. Kiwandani Impreza hizi hazikuwekewa sehemu ya kurekebisha kemba ya nyuma, hivyo fundi hufunga bolti maalumu pale shokapu inapoungana na habu. Kwa gari la barabarani, kulala ndani digrii 1 hadi 1.5 kunatosha, mradi kulia na kushoto ziwe sawa.

Pua ya tairi inafuata baada ya kemba, kwa sababu ukigusa kemba na yenyewe inasogea. Hii ina bolti yake kwenye mkono wa pembeni. Ukiizungusha, mkono unaingia au unatoka. Tairi zote mbili zitazame ndani kidogo sana, kwa kipimo kilekile. Zikitazama upande mmoja, gari litatembea kama kaa, hata usukani ukinyooshwa namna gani. Ya mbele inapimwa mwisho.

Kitu kimoja ambacho wengi wanasahau: ukipima gari likiwa tupu, umepima gari ambalo halisafiri. Washkaji wanne wakipanda, nyuma inashuka tena na vipimo vinahama. Mwambie fundi aweke uzito unaokaribia huo, kisha omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Akikwambia ameangalia kwa macho tu, mechi hiyo itazame kwenye televisheni.