Fimbo ya mazingaombwe: ya chuma au ya plastiki?

Mtu wa mazingaombwe kasimama kwenye uwanja wa shule, tuseme Kasekese, mkononi ana leso tu. Anaitikisa, paa! Leso imekuwa fimbo ya karibu mita moja. Watoto waliokaa chini, hatua mbili kutoka kwake, wanapiga kelele. Swali letu leo linawahusu hao wa mbele.

Wana mazingaombwe mtusamehe, siri kidogo inabidi itoke. Ile ni ukanda mpana, mwembamba, uliosokotwa kama futi ya chuma ya fundi. Ukiubana unaenea kiganjani. Kuubana ni kazi, na kazi hiyo haipotei: inakaa ndani ya ukanda kama nishati, ikisubiri kidole kiachie. Kikiachia, mizunguko inateleza nje na bomba lote linanyooka, kufumba na kufumbua.

Sasa, chuma kinakataa kupindwa kuliko plastiki kwa makumi ya mara: ugumu wake ni gigapaskali 200 hivi, plastiki nyingi ngumu ni 2 hadi 4. Ndiyo maana ya chuma hufyatuka kwa nguvu hata ukanda ukiwa mwembamba sana. Inapendeza kweli. Ila kingo zake zinakata vidole, na ncha ikimpata mtoto jichoni, hapo hakuna mazingaombwe tena. Halafu mvua za Novemba zikianza, kutu inaingia kati ya mizunguko, inakwama. Na ikishapata kona, basi tena.

Plastiki ni nyepesi, haishiki kutu, ikigonga haiumizi sana. Tatizo lake ni kusahau. Ndani yake kuna minyororo mirefu ya molekuli; ukiiacha imebanwa siku nyingi, minyororo inateleza taratibu na kuzoea umbo la kubanwa. Joto linaharakisha mambo. Iache kwenye begi chini ya bati mwezi wa kumi, siku ya onyesho inatoka nusu, imelegea, na watoto wanacheka kwa sababu nyingine kabisa. Chuma, kwa joto hilohilo, wala hakishtuki.

Kwa uwanja kama ule sisi tungechukua plastiki, bila kusita. Ihifadhi ikiwa imenyooka, kivulini, uibane dakika chache kabla ya kutoka. Ya chuma ibaki kwa jukwaa la ukumbini ambako watu wako mbali, na hata huko ielekeze juu, pembeni, si usoni kwa mtu.