Ngogo wa Tanganyika: Samaki wa mapambo anayetaka giza kabla ya kumpa mfugaji faida

MFANYABIASHARA anayeanza kuuza samaki wa mapambo huweza kununua ngogo sita jioni, akawatia kwenye tangi la kioo, na asubuhi asione hata mmoja. Akidhani kwamba hawali, huongeza chakula. Chakula kinaoza, maji yananuka, na siku anapoinua jiwe anakuta mtaji wake umekufa chini yake.

Ngogo, ambao kandokando ya Ziwa Victoria huitwa gogogo, ni samaki wa chini. Anayependwa sana na wafugaji wa mapambo ni yule wa Ziwa Tanganyika mwenye madoa meusi mwilini na mapezi meusi yenye ukingo mweupe. Wataalamu humwita Synodontis multipunctatus. Kwenye tangi hufikia sentimita 15 hivi, na huishi miaka mingi akitunzwa vizuri.

Kujificha kwake si ugonjwa. Ni samaki anayetafuta chakula gizani, na mchana hutaka mahali pa kujibanza. Ajabu ni kwamba ukimnyima maficho huzidi kuwa mwoga, lakini ukimpa mapango mengi kuliko idadi ya samaki, huzoea na kuanza kutoka hata mchana. Hakuna haja ya kununua mapambo ya bei kubwa. Vyungu vilivyovunjika, vipande vya bomba la plastiki na mawe yaliyopangwa imara vinatosha. Chini uwekwe mchanga laini, kwani kokoto zenye makali hukwaruza sharubu anazotumia kutafutia chakula. Mmoja peke yake hukaa kwa hofu, hivyo ni vyema kuanza na watano katika tangi la lita 200 au zaidi.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Ziwa Tanganyika lina maji magumu, yenye pH kati ya 8 na 9, na joto la nyuzi 24 hadi 27 linamfaa samaki huyu. Mawe ya chokaa husaidia kuyaweka maji katika hali hiyo. Lakini katika maji ya namna hii, amonia itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula huwa sumu kali zaidi. Kwa sababu hiyo chujio lizoeshwe kwa wiki nne hadi sita kabla ya kutia samaki wote, ili bakteria wanaobadili sumu hiyo wapate kuzaliana. Asiyeweza kusubiri muda huo afadhali asinunue ngogo.

Chakula kitolewe taa ikizimwa, na kiwe cha punje zinazozama au vipande vya uduvi, kiasi cha kuisha usiku huo huo. Kwa kuwa ngogo hana magamba, dawa zenye shaba humdhuru haraka. Dozi ya perege isitumike kwake bila ushauri wa mtaalamu.

Kuzaliana kwake kuna vituko. Mwaka 1986 mtafiti Tetsu Sato alieleza katika jarida la Nature jinsi ngogo huyu anavyotaga wakati samaki wa jamii ya perege wanaoatamia mdomoni wanapotaga. Mama huokota mayai yote pamoja. Vifaranga wa ngogo hutangulia kuanguliwa na kuwala watoto wa mwenye nyumba humo humo mdomoni. Wafugaji wamefaulu kumzalisha kwenye matangi kwa kumfuga pamoja na samaki hao, na anayefaulu hategemei tena samaki wanaovuliwa ziwani.

Anayetaka kuvua au kusafirisha samaki hai aanzie ofisi ya uvuvi ya wilaya; nchini Tanzania kazi hiyo iko chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003.

Wakati wa kusafirisha, miiba ya mapezi ndiyo hatari. Ngogo akiogopa huisimamisha ikakaza, ikanasa kwenye wavu au kutoboa mfuko. Akamatwe kwa kopo, asilishwe kwa siku moja kabla ya safari, na kila mmoja awekwe peke yake katika mifuko miwili iliyovalishana au ndoo ndogo yenye mfuniko. Afikapo, maji ya tangi jipya yaongezwe kidogo kidogo, na taa zibaki zimezimwa hadi kesho yake.