Tupande dawa tukihesabu siku ya kuvuna



Mwaka jana, katika kikundi chetu hapa Sange, tulipanda artemizia mwezi wa kumi, pamoja na mahindi na mihogo. Iliota vizuri, tukafurahi. Lakini wakati wa kuvuna ulitukuta mwezi wa tatu, mvua ikinyesha kila siku. Majani hayakukauka, yakashika ukungu. Tuliyatupa yote kwenye mbolea.

Kosa letu lilikuwa moja: tuliangalia mvua ya kupandia, hatukuangalia jua la kukaushia. Majani ya dawa yanakaushwa kivulini, penye upepo na hewa kavu. Hapa katika bonde la Ruzizi, hewa hiyo tunaipata kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Basi tuhesabu tukirudi nyuma.

Artemizia: kitalu kianze mwanzoni mwa mwezi wa pili. Mbegu ni ndogo sana, gramu 1 ina mbegu zaidi ya 10,000. Tuzichanganye na mchanga mkavu, tuzitawanye juu ya udongo bila kuzifukia, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote. Tunyunyize maji polepole. Baada ya juma 6 hadi 8, miche ikifika sentimita 15, tuihamishe shambani wakati mvua bado ipo. Huku karibu na ikweta mchana hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, na hiyo inafanya artemizia itoe maua mapema. Kwa hiyo tuipitie kila juma, tukate matawi mara tu vitumba vya maua vinapoonekana.

Tangawizi: inakaa udongoni miezi 8 hadi 10. Tukipanda vipande vyenye macho mwezi wa kumi, mvua inapoanza, tutachimba kiangazi, majani yakiwa yamekauka.

Mchaichai: hauhitaji mbegu. Tugawe shina la zamani, tupande mwezi wa kumi au wa kumi na moja ili mizizi ishike vizuri kabla ya kiangazi.

Tunajua mwezi wa kumi kazi ni nyingi, na chakula cha watoto ndicho cha kwanza. Mistari miwili kando ya nyumba inatosha.

Neno la mwisho, na hili tusilisahau. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilisema halishauri chai ya artemizia kwa kutibu wala kuzuia malaria. Mtoto akipata homa, tusimchemshie majani tukingoja kesho. Tumpeleke kituo cha afya siku ileile, apimwe damu. Mmea una majira yake ya kungojewa, lakini homa ya mtoto haingoji.

Juma hili tuanze na jambo dogo: kila mama aandike mwezi anaotaka kuvuna, kisha ahesabu kurudi nyuma.