KIPIMO CHA pH KATIKA MAJI YA SAMAKI

Kila afugaye samaki katika tangi la kioo yampasa kuyajua maji yake kama mkulima aujuavyo udongo wake. Maji yaweza kuwa maangavu kabisa, na hata hivyo yakawaua samaki. Kipimo kimoja kifaacho kujulikana ni pH, kilicholetwa mwaka 1909 na S. P. L. Sørensen, mtaalamu wa kemia wa Copenhagen, Denmark.

Kipimo hiki huonyesha wingi wa ioni za hidrojeni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji ya umeme, ziletazo uchachu katika maji. Kiasi chake ni kidogo mno. Katika maji safi yasiyo na uchachu wala magadi, gramu 1 ya ioni hizo imo katika lita 10,000,000. Badala ya kuandika tarakimu ndefu, huhesabiwa sifuri zake: hapa ni saba, basi pH ni 7. Gramu hiyo ikiwa katika lita 1,000,000, pH ni 6. Katika lita 100,000 ni 5. Hivyo nambari ikipungua, uchachu huzidi. Ikipita 7, maji huelekea tabia ya magadi.

Neno la kuangaliwa sana ni hili: kila hatua moja ni badiliko la mara kumi. Samaki atolewaye katika maji ya 6 na kutiwa ghafula katika maji ya 8 amebadilishiwa hali mara mia, naye aweza kufa.

Tena kuna amonia itokayo katika uchafu wa samaki. Ioni za hidrojeni huishika amonia na kuipunguzia sumu. Katika joto la sentigredi 25, maji yakiwa na pH 7, sehemu iliyo sumu kali haifiki 1 katika 100. Yakiwa na pH 8, yapata 5 katika 100.

Lakini kila samaki ana maji yake. Perege wadogo wa Ziwa Magadi, Kenya, huishi katika maji ya pH ipatayo 10, ambayo yangewaua samaki wengi wengine.

Basi mfugaji ayapime maji kwa dawa ya matone ibadilishayo rangi, aondoe uchafu mapema, na kila badiliko alifanye kidogo kidogo.