Pesa za masharti: zinamsaidia nani?

1/ Kila mjadala lazima mtu aseme: "Pesa za bure zinaleta uvivu, wekeni masharti!" Haya, tuelewane.

2/ Mexico ilianza Progresa 1997: mama analipwa watoto wakienda shule na kliniki. Walioingia sekondari waliongezeka, hasa wasichana.

3/ Hapa kwetu Inua Jamii ni KSh 2,000 kwa mwezi. Tuseme tumeongeza sharti la kliniki. Nyanya analea wajukuu yatima Turkana, na kliniki iko kilomita 30. Akikosa kufika, umkatie? Hapo anaadhibiwa kwa kosa la serikali.

4/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "masharti", muulize: kliniki iko wapi? Na hiyo pesa itafika kwa wakati?