Kipimo cha unga ni mtaji wa soko la Kasongo

Katika masoko ya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, mnunuzi hupima chakula kwa macho, pua na ulimi. Hivyo hukamata mchanga ndani ya mchele na uvundo wa karanga. Sumu zenyewe humpita, na mfanyabiashara mwaminifu hulipwa bei ileile anayolipwa mzembe.

Tuanze na unga wa bukari. Muhogo mchungu uliotolewa majini mapema hubaki na sianidi, na mara nyingi sababu ni haraka ya kupata pesa. Kiwango cha kimataifa cha Codex ni miligramu 10 kwa kilo ya unga. Katika mkoa wa Kwango, muhogo wa namna hiyo umeleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu moja kwa moja. Kipimo chake hakihitaji maabara kubwa: unga kidogo hutiwa kwenye kichupa pamoja na maji na karatasi yenye kimeng'enya, juu yake huwekwa karatasi ya njano ya pikrati, kisha kichupa hufungwa hadi kesho yake. Karatasi ikigeuka kahawia, sianidi imo. Rangi hulinganishwa na chati. Dawa nayo ipo: unga hulowanishwa, hutandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, huachwa saa mbili juani au tano kivulini, halafu hupikwa siku hiyohiyo.

Karanga na mahindi yasiyokauka huzaa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Kwa sumu hiyo Kenya ilipoteza watu 125 mwaka 2004. Machi 2021, kwa sababu hiyohiyo, ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda, malori yakakwama mipakani. Vipimo vya vijiti hujibu kwa dakika chache, mradi sampuli itolewe sehemu nyingi za gunia, kwa kuwa ukungu haushiki punje zote.

Mawese ni suala la ulaghai. Ghana, mwaka 2015, ilikuta rangi ya viwandani ya Sudan IV ndani ya mafuta ya masoko ya Accra. Mnunuzi hulipia wekundu, basi mlaghai humuuzia wekundu. Hapa maabara haikwepeki, na ni kazi ya OCC, shirika la serikali la udhibiti tangu 1974.

Wauzaji wa jumla wa Kasongo na wanaolisha wachimbaji wa Salamabila waanze na muhogo: wachangie vichupa, zoni ya afya isimamie usomaji, na gunia lililopimwa lipewe bei ya juu. Mkulima akiona faida ya siku moja zaidi majini, ataiacha mihogo ikae.